Nani Kawatuma Kupika Embe?

Embe dodo likishaiva halina neno na mtu. Linaoshwa, linamenywa kwa meno ikiwa kisu hakijulikani kilipo, linaliwa huku umeinama kidogo mbele ili maji yake yasikushukie kifuani, kokwa linafyonzwa mpaka linabaki na ndevu, kisha unatafuta kijiti cha meno na habari yake inakuwa imekwisha. Kwa miaka yote niliyokaa Kariakoo sijamsikia mtu akisema embe lina kasoro fulani ambayo moto ungeweza kuirekebisha.

Sasa wameleta krambo.

Kwa ambao haijawafikia, krambo ni matunda yaliyokatwakatwa na kutandazwa kwenye chombo, yakamwagiwa juu chengachenga za unga wa ngano uliofikichwa kwa siagi na sukari, yakaokwa mpaka juu pakawa pakavu na pekundu, chini pakawa panatokota. Ni kitu cha Waingereza cha kumalizia mlo, na wao huko kwao hupenda zaidi kukitengeneza kwa epo. Kwetu imeingia kwa njia mbili. Moja ni simu za vijana. Ya pili ni migahawa ya Masaki, ambako unaletewa kibakuli kisichotosha kunawia mkono, juu yake limekaa bonge la aiskrimu, na bili inakuja imefichwa ndani ya kijalada cheusi ili usishtuke mbele za watu.

Nyumbani kwetu ililetwa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma chuo na kukaa nasi kwa sababu hosteli, anasema, zina kunguni. Siku hiyo aliniamkia kwa adabu isiyo ya kawaida. Mtoto wa chuo akikupa shikamoo mbili ndani ya saa moja, shika mfuko wako.

"Mjomba, kuna kitu nataka nikupikie. Rahisi sana. Vitu vinne tu."

Hivyo vinne ni matunda ya msimu, unga, siagi na sukari. Nimekaa mjini muda wa kutosha kujua kwamba mtu akikuhesabia vitu, wewe ulizia alivyoviruka. Hakuhesabu oveni. Hakuhesabu friji, wala umeme wa kuiendesha hiyo friji. Hakuhesabu ubaridi, ambao mama anayemfundisha kwenye simu anaupata bure kwa kufungua dirisha. Na hakumhesabu mjomba.

Tuanze na matunda, maana hapo Kariakoo haina mpinzani. Novemba ikiingia, embe za Mkuranga, Kibiti, Rufiji na Tanga zinaanza kumiminika mjini, na kufikia Krismasi huwezi kugeuka bila kukanyaga ganda. Nanasi za Kiwangwa zipo, machungwa ya Muheza yapo, zambarau zinauzwa kwenye ndoo na kuwaacha watoto na ndimi za zambarau mpaka shuleni. Hata soko kuu, lile lililochorwa na Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege, lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, matunda hayakukosa pa kukaa, kwa sababu mitaa ya Kariakoo ilikuwa soko tangu zamani. Ukitoka Msimbazi ukaingia Mkunguni au Tandamti, kila mwenye futi mbili za lami ana biashara juu yake, na kila biashara ina spika inayosema kila kitu buku kwa sauti ya mtu aliyekwisha kwenda zake nyumbani, kaacha maneno yanajirudia.

Mpwa wangu alikuwa anataka epo. Nikamwambia msimu wa epo kwetu ni pale meli ya Afrika Kusini inapoingia bandarini, na kila moja inakuja na stika yake kwa kuwa bila stika usingeamini bei. Epo moja inaikaribia bei ya fungu la embe la jioni. Maelekezo yake mwenyewe yalisema matunda ya msimu. Msimu ni embe, tukaenda kwenye embe.

"Karibu mzee wangu. Za leo au za kesho?"

Hilo ni swali la mtu anayeijua kazi yake. Muuza embe wa kweli wa Kariakoo atakubonyezea mbili kwa kidole gumba, akupe moja ya mchana huu na moja ya keshokutwa, na hiyo ya keshokutwa itaiva keshokutwa. Watu wamesomea hesabu za mbali na hawawezi hilo.

"Za kupika," nikamjibu, kwa sauti ya chini.

Akanyoosha mkono kwenye lundo la kijani. "Za achari hizi hapa. Chachu hizo, zinakata ulimi."

"Mbivu."

"Mbivu unapika?"

"Naoka."

Akaniangalia, akamwangalia na mpwa wangu, kisha akashusha sauti. "Nyumbani kuna mgonjwa, mzee?"

Mpwa wangu akaona ndiyo nafasi ya kutoa mhadhara. Akaeleza krambo yote, unga, siagi, aiskrimu, pale pale katikati ya njia, huku vijana wa mikokoteni wakitupigia kelele za njia, njia. Mama wa pembeni mwenye ndoo ya zambarau akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, embe mbivu Mungu keshaipika. Wewe unairudisha jikoni kufanya nini?" Nilitamani kumnunulia soda.

Lakini muuzaji alikuwa mfanyabiashara kuliko alivyokuwa mwanafalsafa. Akakubali kazi akaanza kushauri. Ng'ong'o tusichukue, nyuzi zake zitawakaa watu kwenye meno mpaka Pasaka. Sindano ni tamu lakini ndogo, tutamenya mpaka Isha. Dodo ikiiva sana itageuka uji kwenye moto. Tuchukue bolibo zilizoiva lakini bado zina ukaidi kidogo ukizibonyeza, maana kitu kinachokwenda kwenye moto lazima kiwe na cha kupoteza. Hayo hayakuwamo kwenye simu. Kwenye simu wameandika matunda, basi, na mtu anayeandika matunda tu hajawahi kusimama mbele ya lundo la embe za aina tano na mtu mmoja anayemtazama.

Nina langu hapo kuhusu kuvundika, na nitalisema hata kama si mahali pake. Mwanzo wa msimu bei ni nzuri, kwa hiyo watu wanachuma embe kabla hazijakomaa, wanazifunika, wanazivundika kwa nguvu mpaka zinakuwa njano ya kupendeza, na wewe unabeba njano hiyo kwa furaha hadi nyumbani unakuta ndani nyeupe, ngumu, na ladha ya karatasi. Dawa ni pua. Inusie kwenye kikonyo. Ukisikia embe, hiyo ni embe. Usiposikia kitu, umeshika rangi. Wauzaji hawapendi mzee anayenusa bidhaa, lakini na mimi sipendi kula rangi.

Tukabeba. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tunabebea mifuko mbadala, na sina ugomvi na sheria hiyo, mitaro yetu imeishukuru. Ugomvi wangu ni na yule aliyeshona mshikio wa mfuko niliouziwa siku hiyo. Bolibo mbili zilibaki Mtaa wa Swahili, chini ya bajaji.

Sasa siagi.

Maelekezo yalisema gramu 200 za unga, 100 za siagi, 100 za sukari. Hesabu safi, mtoto wa darasa la pili anaikumbuka. Tena siagi iwe ya baridi sana, ikatwe vipande vidogo, ifikichwe na unga kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko uwe chengachenga. Siri yote ya krambo imo humo kwenye neno baridi. Mafuta yakiwa magumu yanaupaka unga vipande vipande, na vipande hivyo vikikutana na moto vinakauka na kuvunjika mdomoni. Yakiyeyuka mapema unga unayanywa, unashikana, na mkononi mwako unabaki na donge la chapati lenye sukari.

Desemba, Dar es Salaam, joto linapita nyuzi 30 na unyevu wa bahari umekaa juu yake. Siagi ya dukani mtaani kwetu inauzwa ikiwa tayari imekata tamaa. Ukiitoa kwenye karatasi haikatiki vipande, inakutazama na kuanza kutafuta pa kutiririkia. Mpwa wangu alifikicha kidogo, vidole vikang'aa. Akawasha feni. Siagi ikapata nafuu lakini unga ukahama, mwingine ukaenda kwenye pazia, mwingine ukatua kwenye kanzu yangu ya Ijumaa iliyokuwa msumarini, nikasali wiki hiyo nikionekana nimetoka kufanya kazi mashineni. Akaliingiza bakuli kwenye friji ya mama mwenye nyumba, kwa ruhusa. Dakika chache baadaye umeme ukakatika. Sitaji mtu. Umeme ulikatika, kama vile jua huzama, na nyumba nzima ikasema ile "aaah" tuliyokwisha kuizoea tangu utotoni.

Ndipo akaingia shangazi.

Shangazi yangu ni mtu mzima, ameiona Kariakoo ya nyumba za vyumba sita na ukumbi katikati kabla ghorofa hazijaanza kutuzibia upepo. Nyumba tunayokaa ni mojawapo ya chache za namna hiyo zilizobaki, na uani ndiko anakotawala. Akaangalia bakuli. Akaangalia vidole vya mpwa wangu. Akauliza kitu gani kinatafutwa. Akaambiwa.

"Sasa kinachotakiwa siagi iwe jiwe, si ndiyo? Kwa nini mnaibembeleza?"

Akamtuma mtoto kwa yule jirani anayeuza barafu, ambaye jokofu lake hata umeme ukikatika nusu siku linakaa na ubaridi wake kwa jinsi lilivyojaa. Siagi nyingine, mpya, ikalazwa katikati ya barafu mpaka ikawa jiwe kweli. Ilipoletwa, shangazi akaishika na karatasi yake, akachukua kikwaruzo cha karoti, akaikwaruza moja kwa moja juu ya unga, tepe nyembamba za njano zikidondoka na kuzikwa hapo hapo. Akachanganya kwa uma. Mkono haukugusa. Chengachenga zikatokea, kavu, zinazojitenga, na yeye wala hakuzishangaa. Alikuwa anamwuliza mpwa wangu kuhusu kijana fulani aliyeonekana naye kituo cha mwendokasi cha Gerezani.

Embe zikakatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, zikanyunyiziwa ndimu kwa kuwa utamu peke yake unachosha, sukari kidogo sana, iliki ya kutwangwa, na kijiko cha unga cha kushika maji yake, kwani embe likipata joto linatoa maji mengi. Hiyo ya unga alishauri shangazi kwa kuangalia tu jinsi sufuria lilivyoanza kulowa. Mdalasini uliotajwa kwenye simu ulikataliwa. Shangazi alisema mdalasini ni wa pilau, na mjadala ukafungwa.

Sasa oveni. Dar es Salaam ina oveni nyingi kuliko mnavyofikiri. Mke wangu ana dada yake Tabata mwenye jiko la plate nne na oveni chini, kubwa, lenye kioo. Nimekwenda kwake sikukuu nyingi. Ndani ya oveni ile zimo sufuria, makaango mawili, sinia la shughuli na mifuniko isiyo na wenyewe. Karatasi ya plastiki ya dukani bado iko mlangoni. Ukimwomba aiwashe anakuuliza vile vyombo aviweke wapi, na ni swali halali.

Kwetu sisi kuna oveni ndogo ya mezani ambayo mtu alimpa mtu kama zawadi ya harusi. Wati 1,500. Ikiwaka mfululizo dakika 40, yaani muda uleule uliotajwa kwenye maelekezo, inakula uniti moja ya umeme. Uniti moja si ya kumvunja mtu mguu. Lakini nyumba yetu ina mita moja ya LUKU kwa vyumba vyote, na mama mwenye nyumba anagawa gharama kwa vichwa. Kwa utaratibu huo hakuna siri. Anayepiga pasi anajulikana. Anayechemsha maji kwa birika la umeme anajulikana na anasemwa. Kuna mpangaji aliyewahi kuingiza heater ya kuogea, na mpaka leo jina lake likitajwa watu wanatazama chini. Niende mimi nikawashe oveni, dakika 40, kwa ajili ya kupika embe? Ningejitetea kwa hoja gani?

Mtungi wa gesi tunao, wa kilo 6, na naunga mkono kabisa nishati safi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo, na kifua changu kiliupokea kwa furaha kuliko mimi mwenyewe. Tatizo jiko la gesi lina moto wa chini tu, na kuoka ni kazi ya moto wa juu. Wataalamu watakapokaa tena, ningeomba kiti kimoja apewe shangazi aulizie habari ya mfuniko.

Maana ndivyo alivyofanya. Watu wa pwani wameoka mkate wa kumimina na mkate wa mayai kwa makaa miaka na miaka bila oveni hata moja, na hakuna aliyewapongeza kwa ubunifu. Akatoa sufuria kubwa, lile la shughuli, akapanga vijiwe vitatu ndani, juu yake akakalisha sufuria dogo lenye krambo. Akafunika kwa mfuniko wa bati uliokunjwa ukingo. Kisha akaanza kuhamisha makaa kwa koleo: machache chini, mengi juu, akiyapanga pembezoni zaidi kuliko katikati, kwa sababu katikati, alisema, huungua wakati wewe unapiga soga. Moto wa chini kazi yake kupasha. Wa juu ndio unaooka.

"Bibi," mpwa wangu akasema na simu yake mkononi, "imeandikwa nyuzi 180."

"Za nani?"

"Za oveni."

Shangazi akapitisha kiganja juu ya makaa, akakituliza kidogo, akakitoa. "Ndizo hizo," akasema, akarudi kwenye habari za Gerezani.

Wakati wanasubiri nikajishughulisha na historia ya kitu chenyewe, maana nikiunguziwa mkaa napenda kujua nadaiwa na nani. Nilitegemea kukuta wafalme. Nikakuta foleni. Januari 8, 1940, Uingereza ikiwa vitani, serikali yao ilianza kugawa chakula kwa kadi, na vya mwanzo kabisa kuingia kwenye kadi vilikuwa nyama ya nguruwe ya chumvi, siagi na sukari. Mgawo ule uliendelea hadi Julai 1954, karibu miaka kumi baada ya vita kwisha. Pai ya matunda inataka unga wa kusukuma wenye mafuta mengi, na mafuta hayakuwepo. Inasimuliwa kwamba akina mama wa kule ndipo walipoiacha pai wakashika krambo: unafikicha mafuta uliyonayo, unanyunyiza, unafunika matunda yaliyoanguka chini ya mti, basi. Hakuna kusukuma, na mkono usio na ufundi haujulikani.

Nikasoma kwa sauti pale uani. Shangazi akaacha koleo. Mgawo anaujua. Anakumbuka miaka ile baada ya vita ya Kagera, sukari inatafutwa kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi, unapanga foleni kwenye duka la ushirika kabla ya alfajiri na kuweka jiwe likushikie nafasi, unga wa njano, yanga, unakuja na kila mtu anakula yanga hata kama ni Simba damu. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipowaandama wahujumu uchumi, waliokuwa wameficha bidhaa walikuwa wanazitupa usiku kwa hofu, na asubuhi watu wanaokota. "Mwarabu mmoja wa mtaa wa pili," alisema, "alimwaga sukari kisimani. Tukanywa chai wiki nzima bila kununua." Sijui kama ni kweli, na simwulizi mara ya pili, maana ikirudiwa kisima kinaongezeka.

Kwa hiyo nimeelewa, na ndicho kinachonikera zaidi. Hiki ni chakula cha dhiki. Kwa masimulizi hayo, kilishikwa na watu waliokuwa na kadi ya siagi, kwa matunda yaliyopondeka ambayo vinginevyo yangetupwa, kisha kikavuka bahari, kikapewa bonge la aiskrimu na kupelekwa Masaki kukaa na watu wasiojua foleni. Na vijana wetu wanakiona huko, wanakuja kutudai epo za Afrika Kusini na oveni yenye kioo, wakati hapa hapa, magharibi ikiingia, Mtaa wa Mkunguni umejaa embe zilizobonyea upande mmoja, muuzaji kasharudisha tenga tupu kichwani mwake, anapiga kelele malizia, malizia, fungu lililokuwa buku mchana sasa jero na anaongeza mbili bila kuombwa kwa sababu kesho zitakuwa inzi tupu. Hizo ndizo za krambo. Unakata palipobonyea, palipobaki ni tamu kuliko embe zima la mchana. Embe zima, lenye harufu kwenye kikonyo, halina kazi kwenye moto, na msimamo wangu huo sijaulegeza hata inchi moja. Mpwa wangu ameniambia mjomba huoni kwamba ndivyo nilivyokuwa nakuambia, ni rahisi. Sikuwa na nguvu ya kumjibu. Rahisi ni mkono wa mtu mwingine.

Mfuniko ulipofunuliwa, harufu ya siagi na iliki ilitoka uani, ikapita ukumbini, ikagonga vyumba vyote sita bila ubaguzi. Juu palikuwa pekundu, pembeni pametokota mpaka maji ya embe yamepanda kwenye ukingo na kuganda, rangi ya asali ya porini. Watu wakaanza kutokea na vijiko bila kualikwa. Mpangaji wa chumba cha mbele, fundi cherehani, alikuja na kikombe. Mke wangu akasema ni nzuri ila juu pakavu. Nikamweleza kwamba juu ndiyo panatakiwa pawe pakavu, kwamba siku nzima imekwenda kupatafuta pakavu hapo. Akasema sawa, ila ni pakavu.

Ndipo mama mwenye nyumba akatuma mtoto alete tui. Tui zito, la kwanza, limetiwa chumvi kidogo sana. Likamwagwa juu ya krambo ya moto, likaingia kwenye nyufa, likakutana na ile ndimu huko chini. Aiskrimu ya Masaki isingekuwa na la kusema. Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa ukingo ulioganda, ambao ulilazimika kubanduliwa kwa kisu na kugawanywa na shangazi kwa haki ya kiserikali, wakubwa kwanza.

Nilikula. Sikusema kitu. Kunyamaza si kusifia.

Tangu hapo uani kwetu hakukaliki. Fundi cherehani anataka ya nanasi, eti ana wageni kutoka Morogoro. Kuna mtu wa duka la vitenge ng'ambo ya barabara ameulizia bei ya sinia zima, na mpwa wangu, ambaye hajawahi kununua hata kiberiti katika nyumba hii, alimpa bei bila kupepesa. Mfuniko wa shangazi umeazimwa na haujarudi. Na mama mwenye nyumba, yule yule anayehesabu pasi za watu, amenisimamisha ukumbini juzi akaniambia ana maulidi ya mjukuu wake mwisho wa mwezi, anataka krambo mbili kubwa, za embe, na tui atatoa yeye.

Nikamwuliza kwa heshima zote, mkaa je?

Akasema hilo tutaelewana kwenye kodi. Nimepanga kwake tangu watoto wangu hawajazaliwa, na kwenye kodi hatujawahi kuelewana.